Kuchagua pawa saplai mpya ya kompyuta ya mezani ukiwa Lamu

Mtu wa Nairobi akinunua pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, isiyoingia kwenye mashine yake, huirudisha dukani jioni ile ile. Sisi wa kisiwani hatuna jioni hiyo. Mzigo watoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, wavuka kwa boti mpaka Mkunguni, mjini Lamu, na plagi zisipolingana wapanda boti tena kurudi ulikotoka, kwa nauli yako. Wiki imekwenda, na mwanafunzi aliyekuwa akiandika kazi yake kwenye mashine ile angali akisubiri.

Kwa hivyo mwongozo huu waelemea mahali pamoja: pima, soma na uhesabu kila kitu nyumbani kabla hujatuma hela. Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kuchagua ndiko kunakowashinda watu, na kosa la kuchagua laweza kuiua mothabodi, lile bao kuu la saketi, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Tafuta bisibisi ya nyota, tepu au rula, klipu ya karatasi, mita ya kupimia umeme, kalamu na daftari, na simu ya kupigia picha. Mita ya bei nafuu yatosha. Kama huna, mwombe fundi wa redio aliye karibu nawe.

Na jambo moja kabla ya yote. Kasha la kompyuta fungua, lakini kile kisanduku cha chuma kinachoingia waya wa ukutani kiache na skrubu zake. Ndani mna kapasita kubwa inayoshika umeme wa volti 300 na zaidi, na yaweza kuendelea kuushika hata plagi ikishatolewa ukutani. Umeme wetu ni wa volti 240; ukinyooshwa kuwa wa mkondo mmoja (DC) wafika kama 340 kwenye kapasita hiyo. Nimewakuta vijana wakiifungua ili wapulize vumbi, miguu peku kwenye sakafu ya saruji. Nakusihi usifanye hivyo.

Hatua ya 1: Hakikisha pawa saplai ndiyo iliyokufa

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama inachaji. Kisha fungua plagi ya waya wa kompyuta uangalie fyuzi yake. Kwa unyevu wa huku, vishikizo vya fyuzi huota ukungu wa kijani, na fyuzi iliyo nzima ikawa haipitishi kitu. Badilisha waya wote kwa ule wa skrini, mara nyingi ni wa aina moja. Tazama swichi ndogo nyuma ya pawa saplai iwe upande wa mstari, isiwe upande wa duara. Mwisho, kitufe cha mbele: chomoa kijiplagi chake kwenye mothabodi, kisha gusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Kompyuta ikiwaka, umeokoa hela yako. Kilichoharibika ni kitufe.

Bado kimya? Zima, chomoa ukutani, kisha ondoa plagi zote za pawa saplai zilizoingia kwenye mothabodi, hadidiski na kadi. Chukua ile plagi kubwa ya pini 24. Ina waya mmoja tu wa kijani. Pinda klipu ya karatasi, upande mmoja uingie kwenye tundu la waya wa kijani, mwingine kwenye tundu la waya wowote mweusi. Acha hadidiski moja mbovu au feni ya kasha imeunganishwa, kwani baadhi ya pawa saplai haziwaki bila mzigo. Sasa ndipo urudishe plagi ukutani na uwashe. Feni isipozunguka hata kidogo, na mita ikisoma sifuri, hiyo imekwisha.

Ikizunguka, usifurahi mapema. Weka mita kwenye volti za mkondo mmoja, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, kisha soma:

- waya wa njano: kati ya 11.4 na 12.6
- waya mwekundu: kati ya 4.75 na 5.25
- waya wa rangi ya machungwa: kati ya 3.14 na 3.47
- waya wa zambarau: kama 5, na huu hupaswa kuwa na umeme hata kabla ya kuweka klipu, mradi swichi ya nyuma iko upande wa mstari

Moja ikitoka nje ya mipaka hiyo, pawa saplai haifai hata kama feni yaimba. Siku hizi nyingine huja na nyaya zote nyeusi. Hapo usibahatishe tundu, tafuta mchoro wa pini wa kampuni iliyoitengeneza.

Kuna ugonjwa wa katikati ambao kipimo hiki hakiugundui. Kompyuta yawaka vyema, lakini ukifungua video au mchezo yajizima au yaanza upya. Mara nyingi ni ile laini ya volti 12 inayoshindwa ikibebeshwa. Yaweza pia kuwa prosesa imepata joto. Safisha feni ya prosesa kwanza, kisha azima pawa saplai nzima kwa jirani ujaribu nayo siku moja. Tatizo likiondoka, umepata jibu.

Hatua ya 2: Umbo na plagi

Hapa ndipo mizigo mingi inaporudishwa Mombasa.

Toa pawa saplai ya zamani, iweke mezani, uipime kwa milimita. Ya kawaida, iitwayo ATX, ina upana wa 150 na kimo cha 86. Urefu wake wa kwenda ndani huanza 140, na zenye nguvu kubwa hupita 160, basi pima pia nafasi iliyomo kwenye kasha. Zile za makasha madogo ni SFX, upana 125 na kimo 63.5, au TFX, nyembamba na ndefu, 85 kwa 65 na urefu 175. Ukiona vipimo vyako havimo humu, ujue una pawa saplai ya kampuni maalumu, na hiyo ina njia yake.

Hesabu pini baadaye, na hesabu kwa kidole, usiamini macho. Plagi kuu ya mothabodi ni ya pini 24 kwa kompyuta nyingi za kawaida. Zile za kale sana ni 20. Plagi ya prosesa ni ya pini 4 au 8, nayo hukaa pembeni juu ya mothabodi, karibu na prosesa.

Kompyuta nyingi tulizonazo kwenye saiba, shule na ofisi za hapa zilitumika ng'ambo kabla ya kutufikia, na wengi wetu tunazipenda kwa kuwa ni imara. Lakini tazama: Dell OptiPlex 7010 ina plagi kuu ya pini 24, ilhali 7020 na 9020 zilizokuja baada yake zina pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6. Ukiagiza pawa saplai ya ATX ya kawaida kwa mashine hizo za pini 8 na 6, utaishia na plagi isiyokuwa na pa kuingia. Vipo vipande vya kuunganisha, vya kutoka pini 24 kwenda 8 au 6, na nimevitumia vikanifaa, lakini umbo nalo lazima lilingane na kasha. Kwa mashine kama hizo mimi hupendelea kutafuta pawa saplai ya asili iliyotumika, kwa nambari yake ya kipuri. Kwenye lebo za Dell nambari hiyo hutanguliwa na herufi DP/N. Piga picha ya lebo nzima, karibu, kwenye mwanga wa dirisha, umtumie muuzaji.

Kisha andika plagi nyingine unazohitaji: ngapi za SATA kwa hadidiski na SSD, na kama una kadi ya grafiki, inataka pini 6, pini 8, au haitaki chochote. Plagi ya pini 6 hutoa wati 75, ya pini 8 hutoa 150, na tundu lenyewe la mothabodi hutoa mpaka 75.

Hatua ya 3: Hesabu wati zako

Watu hununua wati nyingi kupita kiasi, tena za uongo. Kompyuta ya kuandikia barua, kuchapisha na kufungulia intaneti hula kidogo sana. Chukua mfano wa Core i5-3470, prosesa iliyojaa kwenye saiba zetu. Kiwango chake ni wati 77. Mothabodi na memori weka 40, hadidiski 10, feni 5. Jumla ni kama 130, na hapo ni pale kila kitu kinapofanya kazi kwa nguvu zote. Pawa saplai ya kweli ya wati 300 hadi 400 yamtosha mtu huyu na bakaa.

Kijana anayetaka kucheza michezo, akaongeza kadi ya RX 580, anaongeza wati 185. Sasa jumla ni karibu 320, na kadi za grafiki huruka ghafla juu ya kiwango chao kwa kitambo kidogo. Huyo mnunulie 550. Akitumia GTX 1650 ya wati 75 isiyohitaji plagi yake mwenyewe, 400 yamtosha.

Kwa nini kuacha nafasi? Kwa sababu pawa saplai hufanya kazi kwa raha ikibeba kama nusu ya uwezo wake: hupoteza umeme mchache, feni haipigi kelele, na joto huwa chini. Joto ndilo linaloua kapasita. Kadiri ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto ukizipunguza, maisha ya kapasita hurefuka karibu maradufu. Kwa sisi tunaoshinda na kaskazi ya Februari chumbani bila kiyoyozi, hesabu hiyo ina uzito.

Hatua ya 4: Soma lebo, usisome sanduku

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Nina pawa saplai mbili mezani ninapoandika. Ya kwanza ina stika kubwa yenye rangi za moto na imeandikwa 600W. Nikiishika kwa mkono mmoja ni nyepesi kama kopo tupu la maziwa ya unga, nyaya zake nyembamba kama za spika ya redio. Ya pili imeandikwa 450W kwa herufi ndogo, nzito, na nikichungulia kwenye matundu ya feni naona mabamba mapana ya alumini ya kupozea.

Sasa soma jedwali dogo ubavuni. Kila pawa saplai ya halali inalo. Tafuta safu ya +12V, uone ampea zake, uzidishe kwa 12. Ile ya 600W yasema ampea 20: mara 12 ni wati 240. Ya 450W yasema ampea 36: mara 12 ni wati 432. Prosesa na kadi ya grafiki za leo hula karibu umeme wao wote kwenye volti 12. Kwa hivyo ile inayojiita 600 ndiyo dhaifu, karibu nusu ya mwenzake, na hizo 240 zenyewe ni ahadi ya karatasi tu. Zile wati nyingine zimejazwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya leo yazitumia kidogo.

Ukikuta safu mbili, 12V1 na 12V2, usizijumlishe. Tafuta pale panapoandikwa jumla ya wati za volti 12 zote kwa pamoja, hiyo ndiyo ya kushika. Na lebo isiyokuwa na jedwali la ampea kabisa, irudishe kaunta bila mazungumzo.

Baada ya hapo tafuta alama ya 80 Plus. Ni mpango ulioanza mwaka wa 2004 wa kupima ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye kompyuta na kiasi gani chapotea kuwa joto. Alama ya mwanzo yadai asilimia 80 ikibeba asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo. Juu yake kuna madaraja: Bronze yadai 82, 85 na 82. Gold yadai 87, 90 na 87. Alama hii haipimi kila kitu, lakini kiwanda cha kuungaunga vitu hakiwezi kuifikia. Stika zake hughushiwa, na orodha ya modeli zilizopita mtihani iko wazi mtandaoni. Andika nambari ya modeli uitafute humo. Dakika mbili.

Kwa mwenye saiba, hii ni hela ya tokeni. Mashine inayokula wati 130, kwa pawa saplai inayofikisha asilimia 70 tu, yavuta wati 186 ukutani. Kwa Bronze inayofikisha 83, yavuta 157. Tofauti ni wati 29. Saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kama uniti 9 kwa mashine moja. Mwenye mashine nane ahesabu mwenyewe.

Mimi humshauri mtu wa ofisi au madrasa achukue Bronze ya kampuni yenye jina, wati 400 au 450, asipande zaidi ya hapo. Gold ni nzuri, lakini kwa mashine ya wati 130 hela hiyo afadhali aiweke kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika.

Hatua ya 5: Umeme wetu na hewa yetu

Angalia kwanza kama nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwepo, kiwe 230 kabla ya kuchomeka. Kompyuta zilizotoka Marekani wakati mwingine huja zikiwa 115, na ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu utasikia mlio mmoja tu. Bora kabisa ununue isiyokuwa na kiswichi hicho, iliyoandikwa 100-240V. Hiyo huvumilia pia umeme ukishuka jioni watu wote wakiwasha feni.

Wazee wa hapa wakumbuka enzi za jenereta za dizeli, kabla kisiwa hakijaungwa na gridi ya taifa. Umeme umekuwa bora, lakini bado hukatika, na unaporudi hurudi kwa kishindo. Pawa saplai nzuri ina uwezo wa kushikilia kompyuta kwa milisekunde 16 hivi umeme ukipotea, na mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Kupepesa kidogo tu kwa taa kwaweza kuipita au kutoipita. Hapo ndipo tofauti ya nzuri na mbaya inapoonekana. Katika maelezo yake tafuta pia kinga: dhidi ya volti kuzidi, mzigo kuzidi, shoti na joto. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha kinga hizo kwenye karatasi, mwache.

Kama una UPS au inveta ya sola, kuna la ziada. Pawa saplai za kisasa nyingi hupenda wimbi laini la umeme kama lile la ukutani. UPS za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai hugoma zikipelekewa hilo: umeme ukikatika, UPS yalia na kompyuta yazima papo hapo. Jaribu kabla ya kuitegemea, kwa kuchomoa UPS ukutani wakati hakuna kazi ya maana iliyofunguliwa.

Sasa hewa. Chumvi ya pwani hula chuma, nanyi mnajua mabati yenu. Lakini katika nyumba za mawe kuna adui mwingine ambaye vitabu vya mafundi wa bara havimtaji: chokaa. Kuta za kale hupukutika unga mweupe, laini kuliko vumbi la njia, na feni yauvuta usiku na mchana. Ukichanganyika na unyevu wa kusi wageuka utando mgumu juu ya bamba la kupozea, kama magaga. Na kuna mijusi kafiri. Nimeshatoa mmoja mkavu kati ya matundu ya pawa saplai, ameungua mgongo, na alama nyeusi ya shoti iko pale alipolala. Alifuata joto, akapita kwenye pengo la nyuma la kasha ambapo kipande cha bati kilikuwa kimepotea.

Kwa hiyo chagua yenye feni kubwa ya milimita 120, inayozunguka taratibu na kuvuta vumbi kwa upole. Tafuta maandishi kwamba kapasita zake ni za nyuzi 105, zile za 85 hazidumu huku. Inua kasha kutoka sakafuni angalau shubiri moja, uliweke mbali na ukuta unaopukutika. Ziba mapengo yote ya nyuma kwa vipande vyake vya bati. Matundu ya hewa yenyewe usiyazibe kwa kitambaa.

Hatua ya 6: Nyaya za kuchomoa

Kuna pawa saplai ambazo nyaya zake zimeshikamana nazo daima, na kuna ambazo nyaya huchomolewa pande zote mbili. Za kuchomolewa hupendeza, kasha huwa safi. Lakini sikiliza kisa hiki.

Madrasa moja hapa iliagiza pawa saplai iliyotumika kutoka duka fulani la Mombasa. Ilikuja bila nyaya zake za asili. Dukani walikuwa wameokota nyaya za kampuni nyingine zilizofanana nazo wakaziweka kwenye mfuko. Maalim alizifunga mwenyewe, kwa uangalifu, akawasha. Nilipofika harufu ilikuwa bado chumbani, ile harufu kali ya plastiki iliyoungua.

"Fundi, zimeingia zote bila nguvu," aliniambia. "Sikulazimisha hata moja."

Na alisema kweli. Upande wa hadidiski plagi za SATA ni sawa kila mahali. Upande wa pawa saplai hakuna kanuni moja, kila kampuni yapanga pini itakavyo, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni ile ile hutofautiana. Volti 12 zilikuwa zimeingia kwenye njia ya volti 5. Hadidiski mbili zilikufa kwa mpigo mmoja, na pamoja nazo matokeo ya watoto ya miaka mitatu, ambayo Maalim alikuwa ameyachapa jioni baada ya isha, kidole kimoja kimoja. Duka lilikataa kuwajibika. Hilo bado laniuma.

Basi: nyaya za kuchomolewa zitumike na pawa saplai zilizokuja nazo, na si nyingine. Ukibadilisha pawa saplai, toa na nyaya zake zote, hata kama zile za zamani zimepangwa vizuri ndani ya kasha. Ukiuziwa ya kutumika bila nyaya za asili, usiichukue kwa bei yoyote. Na vile vipande vya kugeuza plagi ya zamani ya pini 4 (Molex) kuwa SATA, vyenye kichwa cha plastiki iliyomiminwa, viepuke; vimeshaanza moto ndani ya makasha ya watu. Bora ununue pawa saplai yenye plagi za SATA za kutosha tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Kuagiza

Mtumie muuzaji ujumbe mmoja wenye mambo yote: umbo na vipimo, pini za plagi kuu, pini za prosesa, idadi ya SATA, ampea za +12V unazotaka, na daraja la 80 Plus. Mwombe picha ya lebo ya ile ile atakayokutumia, isiwe picha ya mtandaoni. Hakiki ampea kwenye picha. Ulizia dhamana ni ya muda gani na nani analipa nauli ya kurudisha. Majibu yawe ya maandishi. Kisha ndipo ulipe.

Mwambie aifunge kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku. Kuvuka Mokowe wakati wa kusi, maji huruka mpaka kwenye mizigo, na nimepokea sanduku lililolowa pembe zote. Likifika limelowa usijaribu kuwasha. Acha pawa saplai mahali pakavu penye upepo siku nzima, na umtumie muuzaji picha yake siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Kufunga na kuwasha

Piga picha ya ndani ya kasha kabla hujagusa waya. Chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki umalizike. Shika chuma cha kasha kwa mkono.

Fungua skrubu nne za nyuma, utoe ya zamani, uingize mpya. Kama kasha lina matundu chini, feni itazame chini. Kama halina, itazame ndani. Sukuma plagi kuu mpaka klipu yake ilie. Usisahau ya prosesa: feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, mara nyingi ni hiyo iliyosahaulika. Plagi ya prosesa ya pini 8 hugawanyika 4 na 4, ile ya kadi ya grafiki hugawanyika 6 na 2. Zafanana, lakini zina umeme uliopangwa kinyume, usizibadilishane hata ukiona yataka kuingia.

Washa na kasha likiwa wazi. Ingia kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio ifunguliwayo kompyuta inapoanza kuwaka; mashine nyingi huonyesha volti humo. 12V ikae kati ya 11.4 na 12.6. Kisha iache icheze video kwa nusu saa, urudi usome tena, unuse hewa itokayo nyuma. Pawa saplai mpya huweza kuwa na harufu hafifu siku ya kwanza. Harufu ya kuungua, mlio mkali wa kudumu au joto lisilovumilika kwa kiganja, zima na urudishe wakati dhamana ingali hai.

Ukiridhika, andika kwa kalamu ya wino tarehe ya leo na ampea za 12V juu ya kipande cha tepu, ukibandike ndani ya mlango wa kasha. Kompyuta ya ile madrasa sasa ina kipande hicho. Kando yake Maalim ameongeza mstari wake mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu, kwamba nyaya za mashine hii zisiazimwe.